Fomu ya Daktari Bachu

Wasifu wa marehemu ulikuwa na kurasa nne, na neno kidonda halikuwemo hata mara moja. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai pale Kilosa, nikimsikiliza kijana mmoja wa suti akisoma kamati ambazo marehemu aliwahi kukaa, kamati alizowahi kuongoza, nchi alizowahi kutumwa, na kila baada ya sentensi mbili ni Mheshimiwa, Mheshimiwa, mpaka nikatamani kunyanyuka nimpokonye kipaza sauti. Kuhusu udaktari wake alisoma sentensi moja tu: kwamba kabla ya kuingia kwenye siasa, marehemu aliwahi kujishughulisha na masuala ya afya. Kujishughulisha! Kama mtu aliyekuwa akifuga kuku nyuma ya nyumba.

Nilikuwa nimeondoka Dar es Salaam asubuhi kwa treni ya SGR, nimeshuka, nimepanda bodaboda mpaka mjini, na hasira yangu ilikuwa inatafuta tu pa kutua. Mama, ambaye alikuwa nesi wa marehemu kwa miaka mingi, aliniona ninavyogeukageuka akanifinya mkono.

"Tulia," akaninong'oneza.

"Lakini mama, umesikia wanavyosema?"

"Nimesikia. Tulia. Ni msiba huu."

Basi nikatulia. Lakini kichwani nikaanza kusoma wasifu mwingine, ule ambao hakuna mtu angenipa kipaza sauti niusome, kwa sababu ndani yake nimo mimi, yumo bibi yangu, na hakuna kati yetu sisi watatu aliyetoka msafi.

Jina lake halisi lilikuwa refu na la heshima, lakini kuanzia Kilosa mpaka Mikumi aliitwa Daktari Bachu. Wazazi wake walikuwa Wahindi wa pale Kilosa. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa karibu na stesheni, na alikuwa akimwita mwanawe "bachu", neno la kwao la kumwita mtoto, kwa sauti iliyovuka reli na kurudi. Watu wakadhani ndilo jina. Yule mtoto akakua, akaenda kusomea udaktari ng'ambo, akarudi na vyeti vyake vyenye mihuri, akakuta mji mzima unamsubiri na jina lake la utotoni. Hakulikataa. Alipofungua zahanati Mikumi, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, aliandika kwenye kibao kwa rangi ya bluu: KWA BACHU.

Sisi tulikaa nyuma ya zahanati hiyo, mimi na mama, vyumba viwili na jiko la nje. Palinuka spiriti, palinuka breki za malori yaliyokuwa yakipunguza mwendo barabarani, na kwa muda mrefu palinuka asali. Asali ilikuwa ya bibi. Mpaka leo mtu akiniwekea asali kwenye chai naisukuma mbali, na watoto wangu wananiona nina madeko.

Bibi, mama yake mama, alikuwa mkulima wa vitunguu huko Lumuma. Siku moja jembe lilimpiga juu ya kifundo cha mguu, na kwa kuwa alikuwa na sukari na hakuna aliyekuwa akijua, kidonda kikagoma kupona. Hospitali ya kwanza waliyompeleka walimwambia mguu ukatwe. Mama anasema bibi hakubishana nao. Aliketi kitandani, akaomba apewe viatu vyake, vyote viwili, akavivaa na kuondoka. Ndipo mama alipomleta Mikumi.

Daktari Bachu aliinama juu ya ule mguu akaunusa. Nilikuwepo, nilimwona kwa macho yangu. Hakukunja uso. Alinusa polepole, akahamia upande wa pili, akanusa tena, kama mama anavyonusa sufuria ya maziwa kujua kama yamechacha. Kisha akasema, "Bibi, mguu huu haukatwi. Ila itabidi tuvumiliane."

Wakavumiliana. Kila baada ya siku moja ilikuwa siku ya kidonda. Daktari alikuja na trei, akasafisha kwa maji ya chumvi, akapunguza nyama iliyokufa kwa mkasi mdogo, akapaka asali, akafunga bandeji. Mimi nilikaa kichwani kwa bibi na kuangalia dari. Bibi hakulia. Aliimba nyimbo za kanisani kwao, mwanzo mpaka mwisho, na palipouma zaidi aliongeza sauti. Daktari hakuwahi kuharakisha. Nje watu wangejaa mpaka barazani, lori lingepiga honi, simu ingelia, yeye anafunga bandeji kama mtu anayemsuka binti yake. Walikuwa wakiongea Kisagara wao wawili, na kilichoniudhi ni kwamba yeye alikijua kuliko mimi. Bibi alinicheka nilivyobaki nimekodoa macho, Daktari naye akanitafsiria. Mhindi ananitafsiria maneno ya bibi yangu mwenyewe!

Nilikuwa darasa la pili. Maneno mengi ya wakubwa nilikuwa nayajua nusu, na nusu iliyobaki nilijijazia.

Mwaka ule mvua ilikata barabara ya upande wa Ulaya, kijiji kimoja cha hapo wilayani kwetu, na mwanamke mmoja mwenye uchungu wa kujifungua aliletwa kwa baiskeli akiwa amekalia gunia. Alifika amechelewa. Mama alinifungia ndani, lakini nilisikia kitu kikigonga ukuta, na baadaye nikaokota glavu mbili chini ya dirisha. Jioni ile Daktari alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akamwambia mama, "Nimechoka kuwapokea watu wakati njia imeshawamaliza. Mimi nafunga vidonda, na wanaotengeneza vidonda wako huko wamekaa wanakunywa chai."

Baada ya hapo ndipo akaanza kuja Mwalimu Mstaafu. Huyu alikuwa mzee mwembamba mwenye mkoba wa ngozi, aliyewahi kuwafundisha watu wengi wa Mikumi, na sasa alitaka tumwite Meneja. Alikuja asubuhi, alikuja mchana, alikunywa chai yetu kwa vikombe vikubwa, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba Daktari anachukua fomu.

Mimi fomu niliyoijua ni fomu wani, fomu tuu, mpaka fomu foo. Kaka wa jirani alikuwa fomu tuu na alikuwa anavaa suruali ndefu. Nikadhani Daktari anarudi sekondari. Nilimwonea huruma, maana mtu mzima vile, nikamwambia mama kwamba labda alifeli. Mama alicheka mpaka akashika ukuta, akanieleza kuwa ni karatasi ya kuomba ubunge, unaichukua ofisi ya chama Kilosa, unaijaza, unairudisha. Nikaelewa. Ningeelewa kila kitu kama wakubwa wangekuwa wanamalizia sentensi zao.

Siku chache kabla ya tarehe ya mwisho, mama na Mwalimu Mstaafu walikuwa wamekaa barazani, mimi nachambua mchele pembeni.

"Kura za hapa atazipata," alisema Mwalimu. "Wasagara wanampenda, hata Wasukuma wenye ng'ombe kule mabondeni wanamjua, amewatibia watoto. Tatizo ni wakubwa wa chama kule Dodoma. Dodoma watamkata."

Mama akaacha kufuma. "Watamkata kwa nini?"

"Mhindi yule, mama. Watauliza kwao wapi."

"Kwao si pale stesheni Kilosa?"

"Wewe na mimi tunajua. Wanaokata hawajui. Wakiona tu, wanakata."

"Basi bora asirudishe hiyo fomu kuliko kudhalilishwa."

"Asiporudisha hawana cha kumkata, hilo ni kweli," alisema Mwalimu, akamalizia chai yake. "Lakini ndiyo basi tena."

Nyumbani kwetu neno kukata lilikuwa na maana moja tu, na maana hiyo ilikuwa imelala chumba cha pili ikiwa imefungwa bandeji. Walitaka kumkata bibi mguu, Daktari akakataa. Sasa walikuwa wamehamia kwake. Nilichambua mchele ule mara mbili bila kuona hata jiwe moja, na mawazo yangu yote yalikuwa kwenye miguu ya Daktari: viatu vyake vya kahawia vilivyolika kisigino cha kulia, soksi zake za kijivu, jinsi alivyokuwa akipanda ngazi za baraza mbili mbili. Lakini nilikuwa nimesikia pia dawa yake. Fomu isiporudi, hawana cha kumkata. Mwalimu mwenyewe kasema.

Siku ya mwisho ya kurudisha fomu ilikuwa wakati wa likizo, kwa hiyo nilikuwepo. Fomu ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, imeshajazwa, imeshabandikwa picha, imewekwa kwenye droo ya meza ya Daktari. Ilitakiwa iwe imefika Kilosa kabla ya saa kumi alasiri. Asubuhi Daktari alipokuwa ananawa mikono nikaingia, nikavuta droo, nikaificha bahasha ndani ya gauni langu na kukimbilia kwa bibi.

"Nini hicho?" aliuliza.

"Karatasi ya Daktari. Akiirudisha watamkata mguu."

Bibi aliniangalia. Aliniangalia kwa muda mrefu, kama anayepima unga kwa macho.

"Nani kasema?"

"Mwalimu Mstaafu. Kamwambia mama."

Bibi aliegemea kiwiko, akanyanyua nyonga kidogo, akapapasa khanga aliyoilalia. "Weka hapa," akasema. Nikaweka. Akajilaza juu yake, akajifunika vizuri. "Haya, nenda kacheze."

Nilitoka nikiwa mwepesi. Niliona nimepata mtu mzima mmoja mwenye akili, anayejua hatari akiambiwa.

Kilichofuata kilikuwa vurugu tupu. Saa tatu Daktari alifungua droo, saa tatu na nusu droo zote za zahanati zilikuwa sakafuni. Walitafuta kwenye kabati la dawa, kwenye friji ya chanjo, ndani ya boksi la sindano, chini ya mzani wa watoto. Mama alikung'uta mafaili ya wagonjwa moja moja. Mwalimu Mstaafu alifika akiwa amevaa koti kwa ajili ya safari, akaambiwa, akakaa chini kwenye ngazi, akasimama, akaanza kupiga kelele, "Hii ni hujuma! Nilisema! Hii ni hujuma ya wapinzani wetu!" Akamgeukia baba mmoja wa Kisukuma aliyekuwa amempakata mtoto wake kwenye benchi, fimbo imelala magotini. "Wewe hatukujui hapa. Nani kakutuma?"

"Huyu," alijibu yule baba, akimwonyesha mtoto. "Ana homa."

Daktari mwenyewe ndiye aliyenitisha. Sikuwahi kumwona akikasirika kwa sauti. Alifungua droo ileile mara ya tano, akaipiga kwa kiganja, akasema maneno ya kwao ambayo hakunitafsiria. Mama alinitupia jicho mara moja, nikaweka mikono nyuma kama niko mstarini shuleni. Nadhani alikuwa karibu kuniuliza. Lakini saa tano ikafika, na Daktari akasimama katikati ya karatasi zote zile na kusema, "Leo siku ya kidonda."

"Daktari!" Mwalimu alikuwa karibu kulia. "Kilosa ni zaidi ya saa mbili na barabara ile! Kidonda kinaweza kusubiri!"

"Bibi amesubiri tangu asubuhi," alisema, akachukua trei.

Aliingia, mama nyuma yake, mimi nikapenya na kukaa kichwani kwa bibi mahali pangu, na Mwalimu akabaki mlangoni akiangalia saa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Sogea kidogo nipate pa kuweka trei."

"Sisogei leo."

"Mgongo unauma?"

"Sisogei tu. Weka chini."

Daktari alishusha pumzi, akaweka trei sakafuni, akachuchumaa, kisha akapiga magoti kabisa. Alianza kufungua bandeji. Mikono yake ilikuwa inavutavuta kitambaa kwa hasira, na kadiri alivyofungua ikatulia, mpaka alipofika kwenye nyama ilikuwa mikono yake ya siku zote. Bibi hakuimba. Mimi, badala ya kuangalia dari, nikaangalia miguu ya Daktari iliyokunjwa nyuma yake, soksi moja imeshuka, na kifundo chake kimetokeza nje, cheupe, kizima. Nikaanza kulia.

"Unalia nini wewe?" aliuliza bila kunyanyua kichwa. "Mwenye kidonda halii."

"Daktari, wakikukata mguu utakanyagaje breki?"

Mama akauliza taratibu nani atamkata, nami nikamwaga yote: Dodoma, Mwalimu, asiporudisha hawana cha kumkata. Mama akaweka kiganja mdomoni na kuanza kucheka, halafu nikaona cheko linamkauka usoni alipogundua maana yake nini. Mwalimu akafika kitandani kwa hatua moja. "Iko wapi?"

Nilitaka kusema. Lakini chini ya khanga bibi alikuwa amenishika kidole gumba na anakikaza.

Daktari aliweka mkasi kwenye trei. "Mwanangu," aliniambia, "hawakati mguu. Wanakata jina. Wanachukua kalamu, wanapiga mstari juu ya jina, basi."

"Halafu?"

"Halafu unarudi nyumbani na miguu yako."

Hapo ndipo nilipojua nimefanya kitu kibaya sana, na nikaanza kulia upya kwa sababu nyingine. Bibi akaniachia kidole. Akaegemea kiwiko, akaingiza mkono chini yake, akaitoa bahasha. Ilikuwa imepinda, ina joto, na pembeni ilikuwa imepata asali.

"Mtoto hakujua," alisema. "Mimi nilijua."

"Mama!" Mama yangu alishtuka kabisa.

"Usiniite kwa sauti hiyo. Mguu ni wangu." Akamgeukia Daktari, bahasha ameikumbatia kifuani. "Ukienda huko Dodoma, nani atanifunga?"

"Mwanao huyu hapa, bibi. Ni nesi mzuri, anafunga kuliko mimi."

"Kufunga anafunga. Lakini wewe ndiye unayenusa."

"Nitakuja kila Jumamosi," alisema Daktari.

"Hata ubunge hujaupata, umeshaanza kuahidi."

Mwalimu Mstaafu aligeukia ukutani. Sijui alikuwa anacheka au anaomba. Bibi hakucheka. Akahamia kwenye Kisagara, na safari hii hakuna aliyenitafsiria, lakini mama aliniambia baadaye alichouliza. Alimwambia asimjibu kama mgonjwa, amjibu kama mama yake: anataka kwenda? Nilimwona Daktari akiangalia kile kidonda, akiangalia bahasha, akiangalia tena kidonda. Akasema neno moja.

Bibi akampa.

Nilimkasirikia bibi, na nasema wazi hasira hiyo haijaniisha. Tulikuwa tumeshinda. Saa zilikuwa zinakwenda, angelala tu juu ya ile karatasi kwa saa nyingine mbili, basi, kila kitu kingebaki kama kilivyokuwa: mguu, asali, kibao cha bluu. Mtu ana kinga yake chini ya nyonga anaitoa kwa hiari yake eti kwa sababu kaambiwa ukweli. Nikiwa mkubwa nimejaribu kumwelewa, na kuna siku namwelewa, lakini siku ya msiba haikuwa mojawapo.

Daktari alimaliza kufunga bandeji kwa mwendo wake uleule, akanawa mikono, akamwangalia yule mtoto wa Kisukuma mwenye homa na kumwandikia dawa, ndipo akapanda pikapu yake. Walifika Kilosa wakiwa weupe kwa vumbi kabla ofisi haijafungwa. Mwalimu Mstaafu alisimulia safari ile kwa miaka, na kila akiisimulia dakika zilizokuwa zimebaki zinapungua.

Dodoma hawakumkata. Wakapitisha jina lake, akashinda, watu wakambeba juu juu kutoka barabara kuu mpaka zahanati, na mimi nikashangilia kuliko wote kwa sababu niliona miguu yake miwili ikining'inia hewani, mizima.

Jumamosi alikuja, lazima niwe mkweli. Jumamosi za mwanzo alikuja na vumbi lake, akapiga magoti, akanusa. Halafu zikaja kamati. Halafu zikaja ziara za jimbo, kata hadi kata, na ukimwuliza mtu Daktari yuko wapi anasema alikuwa hapa jana, amechimba msingi wa shule. Alileta kijana mmoja wa kukaa badala yake zahanati, daktari mzuri tu mpole, ambaye baada ya miezi michache alipata kazi mjini akaondoka. Mama akabaki peke yake na mkasi na asali. Alipompigia simu, alipokea mtu mwingine: Mheshimiwa yupo kikaoni. Mheshimiwa yupo safarini. Andika ujumbe.

Mchana mmoja mama alikuwa anafunga kidonda, redio ya bibi iko wazi kwenye matangazo ya Bunge, tukasikia sauti yake. Tuliijua kabla hajatajwa. Alisimama kuuliza swali la nyongeza. Aliuliza Serikali inasema nini kuhusu wananchi wake wa Mikumi ambao wanapoteza miguu kwa vidonda vinavyotibika, kwa kukosa tu mtu wa kuwaangalia kwa wakati. Alizungumza vizuri. Wenzake wakapiga meza. Waziri akajibu kwamba jambo hilo lipo kwenye mchakato.

"Ananisema mimi," bibi alisema, na alisema kwa fahari, hilo ndilo linaloniua. Mama alikuwa amesimamisha mkono juu ya mguu na uso ameukunja, na mimi niliyekaa kichwani nilisikia harufu pia. Haikuwa asali.

Wakamkatia Morogoro, juu ya goti. Mimi neno lile nikawa nimelijua sasa kwa maana zake zote mbili, na nisingependa kujua hata moja.

Daktari alikuja mvua zilipoanza. Alikuja na msafara, magari matatu, ngoma zinampokea barabarani, Mwalimu Mstaafu mbele kabisa na mkoba wake. Hakusimama kwenye ngoma. Aliingia moja kwa moja chumbani kwa bibi akiwa na suti, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akavua koti na kulitundika kwenye msumari. Akapiga magoti. Akafungua bandeji, akaangalia mshono, akanusa.

"Wameshona vizuri," alisema.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, nimeshakuwa mrefu kidogo. Daktari akanyanyua macho, akaniona, akajaribu kutabasamu.

"Siku ile," aliniambia, "ungeificha vizuri zaidi."

Nilihisi masikio yanawaka, na kwa sekunde chache niliamini kweli kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba ningekuwa na akili zaidi ningeitupa chooni. Mtu mzima, daktari, mbunge, ananiambia hivyo mimi mtoto!

"Usimtwike mtoto," bibi alisema. "Yeye alificha alivyoweza. Mimi ndiye niliyekupa, na wewe ndiye uliyeipeleka."

Daktari aliinamisha kichwa. Akashika goti lile lililosalia, kisha akachukua bandeji mpya na kuanza kuzungusha, taratibu, kama zamani. Nje gari likapiga honi. Hakugeuka. Likapiga tena, na nikaona mikono yake inaanza kuharakisha.